Oskar Barnack: fundi mwenye pumu aliyeacha kipimo ndani ya telefone zetu

Mwenye kununua telefone mpya hapa Tshopo, iwe Basoko ao Kisangani mjini, anaweza kusoma kwenye maelezo yake kwamba kamera ni sawa na milimita 26. Kumbe lenzi yenyewe ina milimita chache tu. Hiyo 26 inahesabiwa kwa kipimo cha fundi mmoja Mjerumani, Oskar Barnack, aliyekufa 1936.

Barnack alizaliwa tarehe 1 Novemba 1879 katika kijiji cha Lynow, kusini mwa Berlin. Kijana bado, alijifunza ufundi wa vyombo vya kutazamia nyota. Akatumika kwa kampuni ya Zeiss mjini Jena, na 1911 akaingia kwa Leitz, kiwanda cha mikroskopi mjini Wetzlar.

Alipenda sana kutembea na kupiga foto, lakini alikuwa na pumu. Apareyi za wakati ule zilikuwa nzito, pamoja na vioo vyake na miguu yake mitatu. Kifua hakikukubali.

Basi akachukua filme ya sinema, yenye upana wa milimita 35. Picha moja ya sinema ilikuwa milimita 18 kwa 24. Yeye akaizidisha mara mbili, ikawa 24 kwa 36. Kufikia 1914 apareyi yake ndogo ilikuwa inapiga foto. Mwaka huohuo vita vikaanza, kazi ikalala.

Kisha vita, pesa ya Ujerumani ikaanguka. 1924 wakubwa wa kiwanda walibishana, wengine wakiogopa hasara. Ernst Leitz wa pili akakata neno: itengenezwe. 1925 apareyi hiyo, Leica, ikaonyeshwa mjini Leipzig, na lenzi ya milimita 50 iliyobuniwa na Max Berek. Barnack alifariki tarehe 16 Januari 1936, akiwa na miaka 56.

Kipimo chake kilibaki. Kwa miaka mingi wapiga foto wa dunia walizoea kwamba milimita 28 inaona eneo pana, 135 inavuta cha mbali, na 50 iko katikati. Dijitali ilipokuja, mahali pa filme pakakaa sensa, kipande chenye kupokea mwanga, na sensa nyingi ni ndogo kuliko 24 kwa 36. Sensa ndogo inakata kando za picha, kwa hiyo lenzi ileile inaonekana kama inavuta zaidi. Kwenye apareyi nyingi unazidisha kwa 1,5: lenzi ya 50 inaona kama ya 75.

Hapo ndipo pesa inapotea. Mtu ananunua lenzi ya 50 kwa foto za ndoa, anaingia ndani ya chumba kidogo, mgongo unagusa ukuta, na nusu ya familia iko inje ya picha. Angehesabu kwanza, angetafuta lenzi ya 35 ao pungufu.

Tena, hiyo hesabu inapima tu upana wa kuona, haiongezi mwanga. Usiku, umeme ukikatika, telefone ya 26 haitatoa foto safi kama apareyi yenye sensa kubwa. Mbele ya kulipa, uliza kwanza ukubwa wa sensa.