Fourier: Mwana wa mshonaji aliyekokotoa safari ya joto

Mhudumu wa bodaboda anayepanda kutoka Homa Bay kupitia Rongo hadi Migori, akiwa na abiria na gunia la mahindi, aghalabu huendesha injini isiyopozwa kwa maji. Kinachoinusuru ni vibamba vyembamba vya chuma vilivyoizunguka silinda, vikichomoza hewani mithili ya mapezi ya ngege. Msingi wa hesabu ya vibamba hivyo uliwekwa na Mfaransa Joseph Fourier.

Alizaliwa mwaka 1768 mjini Auxerre, mtoto wa mshonaji nguo, akawa yatima akiwa na umri wa miaka 10 hivi. Mapinduzi ya Ufaransa nusura yammalize: mwaka 1794 alitiwa gerezani, akaachiliwa baada ya Robespierre kuanguka. Mwaka 1798 aliandamana na Napoleon hadi Misri. Aliporejea, aliteuliwa mkuu wa mkoa wa Isère, makao yake Grenoble. Huko, katikati ya shughuli za kukausha vinamasi na kujenga barabara ya kuelekea Turin, alipata wasaa wa kupasha vyuma moto na kusoma vipimajoto.

Alijiuliza: ufito ukichomwa ncha moja, joto husafirije? Alibaini kwamba sehemu ya joto husonga mbele ndani ya chuma, na sehemu nyingine huvujia hewani njiani. Kwa hiyo, katika ufito mrefu, iwapo sentimita ya kwanza inashusha joto linalozidi lile la hewa kutoka nyuzi 80 hadi 40, ya pili itabakisha 20, na ya tatu 10. Kumbe kibamba kirefu mno ni hasara, kwani ncha yake haina joto la kutoa. Heri vingi vifupi, mradi upepo upenye kati yake.

Mwaka 1807 aliwasilisha kazi hiyo jijini Paris. Lagrange, mwanahisabati aliyeheshimika kuliko wote, aliipinga, na hapo kosa halikuwa la Fourier pekee, kwa kuwa hisabati ya zama hizo haikuwa na nyenzo za kuithibitisha. Alituzwa mwaka 1812, lakini tuzo ikaambatana na lawama. Kitabu chake kilichapishwa mwaka 1822, miaka 15 baadaye.

Tangu arudi Misri aliichukia baridi, akavaa makoti mazito ndani ya vyumba vilivyopashwa moto kupita kiasi. Aliaga dunia mjini Paris, Mei 16, 1830.