Askari Aliyetua Bunduki Akashika Kalamu

Sisi tukaao Bulla Pesa hatuna ugeni na habari za askari waliorudi vitani. Isiolo yetu ilikuzwa na watu hao: Wasomali waliotumikia jeshi la Mwingereza katika vita vya 1914 hadi 1918 walikuja kukaa hapa. Leo tumependa kuwakumbusha askari wa upande wa pili wa vita vile, marehemu Kleist Abdallah Sykes wa Dar es Salaam, ili tutazame mtu hufanya nini na umri uliomsalia.

Baba yake, Sykes Mbuwane, alikuwa Mzulu aliyetoka Msumbiji kwa ujira wa Wajerumani, waliomleta kupigana na Abushiri bin Salim, aliyenyongwa Pangani mwaka 1889. Miaka mitano baadaye, mwaka 1894, akazaliwa Kleist katika mji ule ule. Baba akafa maji mtoto angali mdogo, naye akalelewa na Affande Plantan, askari mwenziwe baba. Basi mwana wa mtu aliyeletwa kuwavunja watu wa pwani akakua Mwislamu, tena akawa mtumishi wao.

Alijifunza Kijerumani, akapigana chini ya Jenerali von Lettow-Vorbeck. Vita vilipokwisha akaingia kazi ya reli chini ya Waingereza. Ujira wa Mwafrika zama zile haukumtajirisha mtu, lakini saa zake za mapumziko aliwagawia wenziwe. Mwaka 1929 alikuwa katibu wa kwanza wa African Association, chama cha Waafrika. Mwaka 1933, pamoja na Mzee bin Sudi, alikuwa miongoni mwa walioasisi Al-Jamiatul Islamiyya, iliyojenga skuli ili watoto wa Kiislamu wasome dini yao na elimu ya dunia pamoja. Wazazi wengi walichelea skuli za misheni. Wazee hawa hawakutosheka na kulalamika barazani, walijenga.

Nyumbani kwake aliwalea wanawe, Abdulwahid, Ally na Abbas, kwa kuwasomesha. Yeye aliyeonja vita akawaona Abdulwahid na Ally nao wakienda vita vya pili, hata Burma, na Mungu akawarejesha salama. Alifariki mwaka 1949. Miaka mitano baadaye, tarehe 7 Julai 1954, TANU ilizaliwa katika nyumba ya chama kile alichokitumikia, na Ally alikuwamo katika waasisi. Mtaa uliokuwa ukiitwa Kipata sasa unachukua jina la baba yao.

Ndugu zangu, vyama vyetu vingapi vimekufa kwa kugombea viti? Yatima huyu hakurithi mali wala jaha. Alichotoa ni wakati wake, na alichoacha ni skuli na watoto waliofunzwa. Kila mmoja wetu anao wakati wa kutoa. Allah amrehemu, naye atuzindue sisi tuliosalia. Amin.