Mwalimu Nyerere: Kutoka Vipindi vya Pugu hadi Mtaa wa Lumumba

Mtahiniwa, ukiulizwa kwa nini Julius Kambarage Nyerere aliitwa Mwalimu, usiishie kujibu kwamba ni jina la heshima. Lilikuwa jina la kazi yake. Alisomea ualimu, akaingia darasani, kisha siku moja akalazimika kuchagua kati ya mshahara wa ualimu na uongozi wa chama. Fuata maisha yake kwa njia hiyo ya kazi, na utaona tarehe zinakaa kichwani bila kukaririwa.

Masomo na kazi ya kwanza

Nyerere alizaliwa Butiama mwaka 1922. Alisoma Mwisenge, Musoma, kisha Shule ya Serikali ya Tabora. Mwaka 1943 alijiunga na Makerere, Uganda, akasomea stashahada ya ualimu. Kuanzia 1946 alifundisha Baiolojia na Kiingereza katika shule ya misheni ya St. Mary's, Tabora. Hakuishia kwenye vipindi vya ratiba: aliwafundisha pia watu wazima wa mjini Kiingereza, bila malipo. Zingatia jambo hili, kwa sababu utaliona tena mbele.

Mwaka 1949 alikwenda Uskoti, katika Chuo Kikuu cha Edinburgh. Alianza kwa kozi fupi ya Kemia na Fizikia, kisha akapokewa katika kitivo cha sanaa. Kozi zake zilikuwa za msingi na za aina nyingi: fasihi ya Kiingereza, uchumi wa siasa, anthropolojia, historia ya Uingereza, historia ya uchumi, sheria ya katiba na falsafa ya maadili. Alihitimu mwaka 1952 na shahada ya M.A. Hapa watahiniwa wengi huteleza: kule Uskoti, M.A. ni shahada ya kwanza ya sanaa, kwa hiyo usiandike kwamba alipata shahada mbili huko.

Ratiba mbili

Mwaka 1953 Nyerere alioa, akaanza kufundisha Historia katika shule ya St. Francis, Pugu, yapata kilomita 20 kutoka katikati ya Dar es Salaam. Mwezi Aprili mwaka huohuo alichaguliwa kuwa rais wa TAA katika ukumbi wa Arnautoglu, karibu na Mnazi Mmoja. Tangu hapo akawa na ratiba mbili. Siku za shule alikuwa Pugu na wanafunzi wake. Siku za mapumziko alishuka mjini, Kariakoo, kukutana na viongozi wenzake. Miongoni mwao alikuwamo Abdulwahid Sykes, aliyekuwa msimamizi wa soko la Kariakoo. Ofisi ya chama ilikuwa Mtaa wa New Street, ambao leo ni Mtaa wa Lumumba. Hapo ndipo TANU ilipozaliwa tarehe 7 Julai 1954.

Wewe unajua mwalimu wa sekondari anavyobanwa: ana masomo ya kuandaa, madaftari ya kusahihisha na kengele isiyomsubiri mtu. Chama nacho kilihitaji mtu wa kuzunguka nchi nzima. Mwezi Machi 1955 Nyerere alisafiri hadi New York, akaeleza madai ya Watanganyika mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa. Aliporudi alitakiwa achague, ualimu au siasa. Alikuwa na mke na watoto wadogo, na chama changa hakikuwa na fedha. Hata hivyo aliacha kazi.

Uamuzi huo ulikuwa na gharama. Alirudi kwao Musoma kwa muda, akamfundisha padri wa shirika la Maryknoll lugha ya Kizanaki ili apate riziki. Kisha akarejea Dar es Salaam kuendelea na kazi ya TANU. Jina la Mwalimu halikumwacha, ingawa hakuwa tena na darasa.

Chuo chaanzia mtaani

Mwezi Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru wa tarehe 9 Desemba, Chuo Kikuu cha kwanza nchini kilifungua milango. Hakikuanzia Mlimani. Kilianzia katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, pembeni mwa Kariakoo, kikiwa na kitivo kimoja tu cha Sheria na wanafunzi wasiofika ishirini. Taifa lililokuwa likijiandaa kujitawala lilikuwa na wanasheria Waafrika wachache mno, nalo halikuweza kungoja majengo mapya. Chuo kilihamia Mlimani mwaka 1964. Mwaka 1970 kikawa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na Nyerere akawa Mkuu wa Chuo wa kwanza.

Nyerere alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999. Ukipita Lumumba ukielekea sokoni, kumbuka kwamba katika mtaa huo kilianzishwa chama, na miaka saba baadaye likafunguliwa darasa la chuo kikuu. Hivyo katika insha yako, usitenganishe siasa ya Nyerere na ualimu wake.

Maswali ya kujipima

1. Taja shule mbili alizofundisha Nyerere na masomo aliyofundisha katika kila shule.
2. Nyerere alipoteza nini, na nchi ilipata nini, alipoacha kazi mwaka 1955? Toa hoja mbili kwa kila upande.
3. Kwa nini Chuo Kikuu kilianza na kitivo cha Sheria, tena katika jengo la chama?