Annette Kellerman, Mwanamke Aliyeogelea kama Nguva

Bila shaka umepata kusikia masimulizi ya kale juu ya nguva, ambaye nusu yake ni mwanamke na nusu ni samaki. Kiumbe wa namna hiyo hayupo. Nguva wa kweli ni mnyama anyonyeshaye watoto wake. Hula majani yaotayo chini ya bahari, na hana budi kupanda juu ya maji ili avute hewa. Sasa soma habari za mwanamke aliyejifunza kuogelea kama mnyama huyo.

Annette Kellerman alizaliwa tarehe 6 Julai, 1886, mjini Sydney, nchini Australia. Baba yake alikuwa mpiga fidla, na mama yake alikuwa mpiga piano. Annette alikuwa na miguu dhaifu yenye maumivu, hata ikabidi afungwe vyuma vya kuitegemeza. Fikiri wewe ungeonaje kama ungetembea na vyuma miguuni huku wenzako wakikimbia! Alipofikia umri wa miaka sita, wazazi wake walimpeleka kujifunza kuogelea.

Kwa nini maji yamfae mtoto wa namna hiyo? Funga jiwe kwa kamba, uliinue. Kisha literemshe ndani ya ndoo ya maji, lakini lisiguse chini. Utaona kuwa limekuwa jepesi mkononi mwako. Maji hukisukuma juu kila kitu kilichomo ndani yake. Vivyo hivyo, mtu aliyemo majini hachukui uzito wake wote kwa miguu. Basi Annette aliweza kuizoeza misuli yake bila ya kuielemea. Alipotimiza miaka 13, miguu yake ilikuwa karibu sawa na ya watoto wengine. Mwaka 1902 alishinda mashindano ya wanawake ya jimbo la New South Wales, katika mbio za yadi 100 na za maili moja.

Baadaye jamaa zake walihamia Melbourne. Huko Annette aliogelea pamoja na samaki ndani ya tangi la kioo, mara mbili kwa siku, watu wakimtazama. Mwaka 1905 alikwenda Uingereza. Alijaribu mara tatu kuogelea kuvuka mlango wa bahari ulio kati ya Uingereza na Ufaransa, asifaulu. Hata hivyo hakuacha kuogelea.

Siku hizo wanawake wengi waliingia baharini wakiwa na magauni mazito na soksi ndefu. Nguo nyingi hunywa maji, zikamzuia mwogeleaji. Annette alivaa vazi jepesi la kubana mwili. Watu wengine walimlaumu, lakini yeye alijua kuwa mwogeleaji ahitaji viungo vilivyo huru.

Mwaka 1911 alionekana katika picha ya sinema akiwa amevaa mkia wa nguva, na akaweza kuogelea nao. Mtazame samaki aogeleapo: mkia wake huenda kushoto na kulia. Mkia wa nguva wa kweli huenda juu na chini. Sasa jichunguze mwenyewe. Nyonga na magoti yako hujikunja kwa urahisi zaidi kuelekea mbele na nyuma kuliko upande. Kwa hiyo mtu avaaye mkia huupiga juu na chini, kama nguva, wala si kama samaki.

Kazi hiyo ilikuwa na hatari. Picha nyingine, iliyoonyeshwa mwaka 1914, ilipokuwa ikitengenezwa katika visiwa vya Bermuda, tangi la kioo lilipasuka. Annette na mwongozaji wa picha waliumia. Maji husukuma kuta za chombo kilichoyashika, na kadiri kina kinavyozidi ndivyo msukumo unavyozidi.

Msukumo huo humpata pia kila mzamiaji. Katika kina cha meta 10 baharini, msukumo juu ya mwili ni mara mbili ya ule wa juu ya maji. Hewa aliyoivuta mtu kabla ya kuzama hubanwa mapafuni mwake ikawa nusu, na apandapo hurudia kiasi chake cha kwanza. Lakini mzamiaji avutaye hewa ya mtungi huko chini hujaza mapafu yake kabisa. Akizuia pumzi huku akipanda, hewa hiyo hutanuka na yaweza kuyapasua mapafu. Ndiyo sababu hafundishwi kamwe kuzuia pumzi.

Siku hizi, katika nchi mbalimbali, wapo wazamiaji ambao huiacha mitungi yao, wakavaa mkia na kuzama kwa pumzi moja kwa kujifurahisha. Mkia hufunga miguu yote miwili, na mtu akizuia pumzi mno aweza kuzimia bila kujua. Kwa hiyo wenye busara hawaogelei peke yao. Daima yupo mwenzao wa kuwaangalia.

Annette Kellerman alifariki mwezi Novemba, 1975, akiwa na umri wa miaka 89. Majivu yake yalitawanywa penye miamba mikubwa ya matumbawe ya Australia. Mtoto aliyefungwa vyuma miguuni alikuwa ameishi maisha marefu, na sehemu kubwa ya maisha hayo aliipitisha majini. Wewe nawe ukitaka kujifunza kuogelea, mtafute mtu mzima aijuaye kazi hiyo, na usiingie majini peke yako.

Maswali

1. Kwa nini jiwe huwa jepesi likiwa ndani ya maji?
2. Mkia wa nguva na mkia wa samaki hutofautianaje katika mwendo?
3. Eleza kwa nini mzamiaji avutaye hewa ya mtungi hapaswi kuzuia pumzi apandapo.