Nader Khalili: Fundi Aliyeuamini Udongo

Ni wangapi kati yetu huona haya kusema kuwa kwao ni nyumba ya udongo? Basi hebu nikusimulie habari za Nader Khalili.

Alizaliwa Iran mwaka 1936. Alisomea usanifu wa majengo huko kwao, Uturuki na Marekani, na mwaka 1970 akapata leseni ya kazi hiyo katika jimbo la California. Alichora maghorofa marefu na pesa zilikuwepo. Lakini mwaka 1975 aliacha yote hayo, akapanda pikipiki na kuzunguka majangwa ya Iran kwa miaka mitano. Alikuwa akitafuta nini? Nyumba ambayo maskini angeweza kujijengea kwa mikono yake mwenyewe.

Vijijini alikuta nyumba za udongo zinazozuia joto la mchana na baridi ya usiku. Shida ni kwamba zilikuwa na maadui wawili: mvua na tetemeko la ardhi. Kumbe chungu pia ni udongo, na maji hayakiyeyushi kwa kuwa kimechomwa! Khalili akaanza kuchoma nyumba nzima kwa moto uliowashwa ndani, kama mfinyanzi achomavyo vyungu.

Mwaka 1984 aliwaeleza wataalamu wa NASA, shirika la Marekani la safari za anga, jinsi ya kujenga mwezini kwa udongo wa huko huko. Baadaye akaendeleza ujenzi wa magunia hapa duniani. Unajaza udongo wenye unyevu katika mifuko mirefu, unaipanga kwa duara na kuishindilia. Kati ya safu na safu unatandika seng'enge ili mifuko isiteleze. Kila duara huwa dogo kuliko la chini yake mpaka juu pazibe. Ukimaliza, una kuba kama kichuguu, bila mbao wala mabati.

Je, penye baridi na mvua nyingi? Msingi huwekwa juu ya kokoto, udongo huchanganywa na saruji au chokaa, na ukuta hupigwa plasta. Ukitaka kuifukia nusu ili isipoteze joto, kwanza izungushie nailoni nzito, kisha uchimbe mtaro wa kuondoa maji. Ukipuuza hayo, utalala kwenye unyevu.

Mwaka 1991 alianzisha chuo chake, Cal-Earth, mjini Hesperia, California. Wakaguzi wa majengo walikuwa na shaka, lakini kuba zake zilipopimwa kwa nguvu za tetemeko, zilifaulu. Mwaka 1995 wakimbizi kutoka Iraq walijijengea makao ya namna hiyo kambini Khuzestan, Iran, na mwaka 2004 kazi hiyo ikapata Tuzo ya Aga Khan ya Usanifu.

Khalili alifariki mwaka 2008 akiwa na miaka 72. Maghorofa yake hayatajwi sana. Anayokumbukwa nayo ni magunia ya udongo. Kwa hivyo wewe ambaye kwenu ni nyumba ya udongo, inua kichwa. Labda kasoro si udongo, ni ufundi tu ambao hatujajifunza.