Buster Keaton: mchekeshaji asiyecheka, na saini yenye ilimnyang'anya kazi yake

Wengi wakisikia sinema za zamani zisizo na sauti, wanafikiri kwanza Charlie Chaplin, yule Charlot. Lakini wakati ule ule, Marekani kulikuwa mwengine wa kiwango chake: Joseph Frank Keaton, aliyejulikana kwa jina la Buster.

Alizaliwa tarehe 4 mwezi wa 10, 1895, huko Piqua, jimbo la Kansas. Wazazi wake walikuwa wachezaji wa jukwaani. Akingali mtoto, baba alikuwa anamrusha huku na huku mbele ya watu, ukumbi wote unacheka. Hapo akatambua jambo moja: yeye asipocheka, watu ndio wanacheka zaidi. Ule uso mkavu akabaki nao maisha yote.

Mwaka wa 1917, Roscoe Arbuckle alimwingiza katika sinema. Kuanzia 1920, tajiri Joseph Schenck alimpa feza na kumwachia uhuru wa kufanya filimu kwa akili yake. Michezo ya hatari karibu yote aliifanya mwenyewe. Mwaka wa 1924 maji ya tangi la treni yalimwangusha, shingo ikavunjika. Alikuja kujua miaka mingi kisha, kwa daktari.

Mwaka wa 1926 alitengeneza The General, kisa cha dereva wa treni anayefuatilia mashini yake yenye iliibwa na maadui wakati wa vita. Kule Oregon aliangusha treni ya kweli mtoni, daraja likiwaka moto. Picha ile ilichukuliwa mara moja tu. Filimu ilikula feza mingi, magazeti mengi yakaiponda, na faida haikuonekana.

Mwaka wa 1928, Schenck alimshauri aingie kampuni kubwa ya MGM. Chaplin alimuonya asikubali. Keaton akatia saini. Kule kila jambo lilipaswa kuandikwa mbele, na wakubwa ndio walikata maneno. Ajabu ni kwamba filimu hizo, zenye yeye mwenyewe hakuzipenda, zilileta feza kuliko zake za mbele. Basi nani angemsikiliza? Pombe ikamshinda. Mwaka wa 1932 ndoa yake na Natalie Talmadge ilivunjika, na 1933 MGM ikamfukuza.

Kisha alirudi kwenye kampuni ile ile, safari hii kutungia wengine vichekesho, kwa malipo madogo. Mwaka wa 1940 alioa Eleanor Norris, mwenye alibaki naye hadi mwisho. Pole pole watu wakaanza kuonyeshwa tena filimu zake, na 1960 akapewa Oscar ya heshima. Alikufa kwa kansa ya mapafu tarehe 1 mwezi wa 2, 1966.

Mwaka wa 1989, Marekani ilipochagua filimu 25 za kwanza za kutunzwa kama mali ya taifa, The General, ile yenye ilihesabiwa hasara, ilikuwa kati yao.