Storm P., mchoraji wa wazururaji na pengwini msemaji

Robert Storm Petersen, ambaye Wadenmark humwita kwa kifupi Storm P., alizaliwa Septemba 19, 1882, huko Valby, pembezoni mwa Copenhagen. Baba yake alikuwa na bucha, na kijana alifunzwa kazi hiyohiyo ya kisu na mizani. Bucha hata hivyo hakulirithi. Alivutwa na jukwaa, akaigiza katika maonyesho ya vichekesho na katika filamu za mwanzo zisizo na sauti, huku usiku na mchana akichora.

Anayemjua kwa vichekesho vyake pekee hushangaa akiziona picha zake za rangi za miaka ya mwanzo ya karne ya 20. Hazina kicheko. Zina mauti, ulevi, wanawake wa mitaani na nyuso za watu waliokata tamaa, na ndani yake huonekana wazi athari ya Edvard Munch wa Norway. Picha hizo ni muhimu, kwani zinathibitisha kuwa umaskini aliokuja kuufanyia mzaha baadaye hakuuona kwa mbali.

Mwaka 1922 alianza mfululizo wa katuni za Peter na Ping, ulioendelea gazetini hadi mwaka aliofariki. Peter ni binadamu. Ping ni pengwini. Msomaji aliyelelewa kwa hadithi za Sungura na Fisi hatashtushwa na mnyama asemaye, ila Ping hakai porini pamoja na wanyama wenzake. Anaishi kati ya watu, anauona ulimwengu wao, na huutolea maoni kwa utulivu wa mgeni ambaye hajafundishwa lipi la kunyamazia.

Kazi hiyohiyo ya kusema walipewa na wazururaji wake, watu wenye viatu vilivyotoboka na ndevu zisizonyolewa, ambao huketi kando ya njia wakijadili fedha, kazi na mwenendo wa dunia kama wazee wa baraza. Hapa ndipo penye uzito. Katika Denmark ya ujana wake, kuzurura bila kazi na kuombaomba yalikuwa makosa ya jinai chini ya sheria ya mwaka 1860. Aliyepokea msaada wa umma kwa ajili ya umaskini aliweza pia kupoteza haki ya kupiga kura, na ni mageuzi ya ustawi wa jamii ya mwaka 1933 yaliyoiondoa adhabu hiyo kwa walio wengi. Mtu ambaye dola ilimhesabu kuwa hana neno, Storm P. alimchora akinena, tena kwa busara kumpita bwana aliyevaa kofia ndefu.

Yawezekana kumlaumu kwamba aliufanya ufukara uonekane mtamu mno, kwani wazururaji wake ni nadra kulia njaa. Lawama hiyo ina ukweli, ingawa mwenye kuilaumu michoro hiyo na azitazame kwanza zile picha za awali.

Alichora pia mashine za ajabu, zenye kamba, kapi na magurudumu tele, kwa ajili ya kazi ambayo mkono mmoja ungeimaliza mara moja. Hadi leo, Mdenmark akiona chombo kilichotatanishwa bila sababu hukiita kwa jina la mchoraji huyo.

Kuanzia mwaka 1939 gazeti la B.T. lilichapisha mfululizo wake uitwao Nzi wa Siku: mchoro mdogo na neno fupi chini yake. Mwaka uliofuata, Aprili 9, 1940, majeshi ya Ujerumani yaliivamia Denmark, na magazeti yakaingia chini ya udhibiti. Nzi wake waliendelea kutua kurasani.

Storm P. alifariki Machi 6, 1949, akiacha michoro inayokadiriwa kufikia 60,000. Tangu mwaka 1977 sehemu ya kazi hizo huonyeshwa katika jumba la makumbusho lenye jina lake huko Frederiksberg, mlangoni mwa bustani ya mji huo. Jengo lenyewe hapo zamani lilikuwa kituo cha polisi, na wazururaji wake sasa wametundikwa ukutani humo, bado wakizungumza.